Kifurushi cha Vipimo vya Virusi na Saratani Mjini Arua: Cha Kulipia na Cha Kuacha

Maabara binafsi za Arua, mji wetu wa West Nile nchini Uganda, kama zile za Kampala, siku hizi huuza kifurushi kimoja cha vipimo vya damu kinachotangazwa kwa bango la rangi mlangoni: uchunguzi wa virusi na saratani kwa pamoja, damu ikitolewa mara moja tu. Nilikwenda kupimwa kifurushi cha namna hiyo pamoja na baba mdogo na shangazi yangu, baada ya ukoo wetu kumzika kijana aliyeugua ini kwa muda mfupi mno, na kila mmoja wetu alilipa shilingi 180,000. Jina la maabara silitaji, kwa sababu karatasi ile ya orodha ya vipimo, yenye mistari ileile, huuzwa na maabara nyingi, na tathmini hii inaihusu zaidi karatasi hiyo kuliko mlango mmoja. Hukumu yangu naiweka mapema ili msomaji mwenye haraka asikose la muhimu: nusu ya kwanza, ile ya virusi, ina thamani kubwa kuliko bei yake, nusu ya pili, iliyoandikwa kwa herufi nene kuwa ni uchunguzi wa saratani, haifai kuuzwa kwa mtu asiye na dalili na asiyetumwa na daktari.

Upande wa utoaji damu sina lawama. Mtaalamu wa maabara alivaa glavu mpya kwa kila mmoja wetu, akafungua sindano mbele ya macho yetu, akaandika jina na umri kwenye chupa kabla ya kuondoka mezani, kisha akamwomba kila mtu asome mwenyewe jina lake. Hilo la mwisho ni dogo kwa kulitazama, lakini sampuli ikibadilishwa jina hakuna kipimo duniani kitakachoirekebisha. Alizungumza nasi Kiswahili safi, na alipomgeukia mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu aliendelea kwa Kilugbara bila kusita.

Kabla ya kueleza majibu ni lazima nitenganishe mambo mawili ambayo karatasi ile imeyachanganya. Kuna vipimo vinavyotafuta kingamwili, yaani protini za kinga, ambazo mwili wako umezitengeneza baada ya kukutana na kirusi fulani. Jibu lake hueleza kwamba mkutano huo ulitokea, na mara nyingi halielezi kama kirusi bado kimo. Kuna pia vipimo vinavyotumia kingamwili zilizotengenezwa maabara kama ndoano ya kunasia kitu kingine katika damu, ama kipande cha kirusi chenyewe ama protini inayotolewa na kiungo fulani cha mwili. Vipimo vya aina hii ya pili vilipata nguvu kubwa baada ya Georges Köhler na César Milstein kugundua mjini Cambridge, mwaka 1975, namna ya kuzalisha kingamwili za aina moja tupu kwa wingi, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Ndoano hizo ni kali mno. Hata hivyo, ukali wa ndoano haukwambii kwa nini kile ilichokinasa kimo katika damu yako, na hapo ndipo nusu ya pili ya kifurushi inapoanza kuyumba.

Kuhusu VVU nitasema kwa ufupi, kwa kuwa Uganda ina uzoefu mrefu na kipimo hiki na vituo vya afya vya umma hukitoa bure. Kwa miaka mingi nchi imeanza na kipimo cha Determine, na kikitoa chanya jibu huthibitishwa kwa kipimo kingine, hasa Stat-Pak, kabla ya mtu kuambiwa lolote. Maabara ile ilifuata mwendo huo. Kilichokosekana ni swali moja: je, katika miezi mitatu iliyopita umekuwa katika hatari ya kuambukizwa? Kingamwili huchukua muda kufikia kiwango kinachoonekana, na kwa vipimo vya haraka vya kuchoma kidole muda huo unaweza kuwa kati ya siku 23 na 90, kwa hiyo jibu hasi la mtu aliyeambukizwa wiki mbili zilizopita halina uzito wowote. Vilevile mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU huweza kubeba kingamwili za mama hadi kufikia miezi 18, naye huhitaji kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe. Niliona mama akiuliza pale mezani bei ya kumpima mtoto wake mchanga kwa kipimo cha kawaida, na mhudumu akamtajia bei badala ya kumweleza jambo hilo. Ilibidi nimwambie mimi, kwa upole, kwamba kituo cha afya kingemfanyia mtoto kipimo kinachofaa bila malipo.

Sehemu ninayoisifu bila kubakiza ni ile ya homa ya ini B. Hapa maabara hutumia kifaa cha plastiki chenye madirisha matano madogo, kila dirisha likiwa na kitepe chake na kila kitepe kikiwa na mstari wa udhibiti unaothibitisha kwamba kipimo kimefanya kazi. Matone machache ya seramu huwekwa katika kila tundu, nayo hupanda taratibu kwenye kitepe yakibeba chembechembe zilizopakwa rangi, na baada ya kama robo saa mistari ya waridi hujitokeza. Katika dirisha la antijeni ya juu ya kirusi (kipande cha ganda lake la nje), ambayo karatasi huiandika HBsAg, katika lile la kingamwili dhidi ya antijeni hiyo, na katika lile la antijeni iitwayo e, mstari wa pili humaanisha chanya. Katika madirisha mawili yaliyobaki, yale yanayotafuta kingamwili dhidi ya e na kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi, mambo hugeuka: mstari ukitokea jibu ni hasi, na usipotokea jibu ni chanya. Nimeona watu wakipiga picha ya kifaa hiki kwa simu na kumtumia ndugu aliye mbali awasomee, na ndugu huyo akihesabu mistari yote kama ugonjwa. Msomaji akumbuke kwamba kifaa hiki husomwa na aliyefundishwa kukisoma, na kwamba asomaye lazima aheshimu muda uliowekwa, kwa sababu mstari unaozuka baada ya saa nzima hauhesabiwi.

Madirisha hayo yakisomwa kwa pamoja hueleza mambo mengi kwa fedha kidogo. Aliye na kingamwili dhidi ya antijeni ya juu peke yake ndiye aliyechanjwa. Aliye nazo pamoja na zile za kiini amewahi kuambukizwa na mwili wake ukashinda. Aliye na HBsAg ana kirusi sasa hivi, na akibaki nacho kwa zaidi ya miezi sita huhesabiwa kuwa na maambukizi sugu. Shangazi yangu alikutwa hajawahi kukutana na kirusi wala chanjo, na mimi nikakutwa nimechanjwa. Kama mmoja wetu angekutwa na HBsAg, hatua zinazofuata zinajulikana: vipimo vya utendaji wa ini, kipimo cha wingi wa virusi, na kwa wanaostahili, dawa ya tenofovir.

Lipo jambo ambalo ningependa kila maabara ilieleze kabla ya kutoa jibu hili, kwa maana limevunja nyumba za watu. Mtoto anayeambukizwa homa ya ini B akiwa mchanga hubaki na kirusi katika hali takribani 95 kwa kila 100, ilhali kati ya watu wazima wanaoambukizwa ni chini ya 5 kwa kila 100 wanaobaki nacho. Maana yake ni kwamba mtu mzima anayekutwa na maambukizi sugu mara nyingi ameyabeba tangu utotoni, huenda tangu siku aliyozaliwa. Mume asimshuku mkewe, wala mke asimshuku mumewe, kwa sababu ya dirisha lile. Waende wote wawili wapimwe pamoja na watoto wao, na asiye na kinga achanjwe. Serikali ilianza kampeni ya kuwapima na kuwachanja watu wazima mwaka 2015, ikianzia kaskazini mwa nchi ambako maambukizi ni mengi zaidi, na West Nile yetu ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo.

Hapa ndipo napata neno langu kuu kuhusu kifurushi hiki. Kipimo chake bora cha saratani hakimo katika orodha iliyoandikwa saratani. Kimo juu yake, katika kile kifaa cha madirisha matano. Homa ya ini B ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya saratani ya ini, na mtu anayejua mapema kwamba ana kirusi anaweza kufuatiliwa, kutibiwa na, akiwa katika kundi la hatari, kuchunguzwa ini kwa ultrasaundi kila baada ya miezi sita. Kipimo hiki humkuta mtu miaka mingi kabla ya uvimbe kuanza, jambo ambalo kipimo cha protini za saratani hakiwezi kulifanya.

Mkoa wetu una historia ya heshima katika jambo hili, na ninasikitika kwamba haifundishwi shuleni. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Afrika. Sampuli za uvimbe huo zilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaonyesha kwamba ndani yake mlikuwa na kirusi kisichojulikana, ambacho leo hubeba majina ya wawili kati yao. Katika Hospitali ya Kuluva, karibu na Arua, kumbukumbu za wagonjwa wa uvimbe huo ziliwekwa kwa uangalifu mkubwa. Kisha katika miaka ya 1970 watafiti wakakusanya damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile, wakaihifadhi, wakasubiri. Watoto waliougua baadaye walikutwa, katika damu ile ya zamani, na kiwango cha kingamwili dhidi ya kirusi cha Epstein-Barr kilicho juu kuliko cha wenzao, na matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1978. Kingamwili za watoto wa mkoa huu ziliusaidia ulimwengu kuamini kwamba kirusi kinaweza kuwa chanzo cha saratani ya binadamu.

Utafiti huohuo hufundisha pia mpaka wa vipimo hivi. Takriban kila mtoto wa huku huambukizwa kirusi hicho katika miaka yake ya mwanzo, na walio wengi mno hawaugui saratani yoyote. Mtafiti mwenye damu ya maelfu ya watoto aliweza kuona tofauti ya viwango. Mzazi mwenye karatasi moja iliyoandikwa chanya haoni chochote.

Homa ya ini C ina tatizo la karibu na hilo. Kipimo cha kifurushi hutafuta kingamwili, na kingamwili hizo hubaki hata kwa wale ambao miili yao imekiondoa kirusi bila dawa, watu ambao ni kati ya 15 na 45 kwa kila 100 walioambukizwa. Karatasi ya maabara iliandika tu kwamba chanya ni ugonjwa. Aliyekutwa na jibu hilo anahitaji kipimo cha pili kinachotafuta kirusi chenyewe kabla ya kuanza dawa au kuanza kuomboleza. Kipimo cha kingamwili za bakteria ya tumbo, ambacho kila kliniki ya mjini hukipenda, ningekiacha kabisa: hubaki chanya muda mrefu baada ya matibabu, na kile cha choo ni bora.

Sasa nusu ya pili. Kwa wanaume ilikuwa na PSA (ya tezi dume), kwa wanawake CA-125 (inayohusishwa na saratani ya ovari), na kwa wote AFP (inayohusishwa na ya ini) na CEA (inayohusishwa na ya utumbo mpana). Hizi ni protini ambazo mwili wenye afya pia huwa nazo, na kingamwili za maabara huzinasa na kuzipima kwa usahihi wa kuridhisha. Kosa limo katika tafsiri. PSA hutoka katika tezi dume, iwe na saratani au isiwe nayo. Hupanda tezi ikikua kwa umri, ikipata maambukizi, mgonjwa akiwekewa mpira wa mkojo, baada ya kumwaga manii, na hata baada ya kuendesha baiskeli kwa nguvu. Baba mdogo huenda shambani kwa baiskeli karibu kila siku, na siku zile alikuwa akihisi maumivu wakati wa kukojoa. Hakuna aliyemuuliza lolote kati ya hayo. Jibu lake lilipita nanogramu 4 kwa mililita, kiwango kilichozoeleka kuwa mpaka, na mhudumu akamwambia mbele ya watu waliopanga foleni: "Mzee, saratani yako iko juu kidogo, umuone daktari." Tulipotoka nje aliniuliza, "Mwanangu, sasa nirudi nyumbani nikawaambie nini?" Hospitali ya umma ilimtibu maambukizi ya njia ya mkojo, ikamrudishia kipimo baada ya muda wa kutosha, na kiwango kilikuwa kimeshuka chini ya mpaka. Wiki zile za katikati alizipitisha kwa hofu, akaanza kuwagawia watoto wake mashamba.

Siisemi PSA kuwa haina kazi. Daktari akiwa na mgonjwa mwenye dalili, au akimfuatilia aliyekwisha kutibiwa, namba hiyo ni ya thamani kubwa. Vivyo hivyo CA-125 humsaidia daktari kujua kama saratani ya ovari iliyokwisha kuthibitishwa inaitikia dawa. Lakini CA-125 hupanda pia kwa hedhi, kwa uvimbe wa kawaida wa kizazi, kwa kifua kikuu cha tumboni na kwa ugonjwa wa ini, mambo ambayo si haba kwetu. Na nchini Uingereza utafiti uliowahusisha wanawake zaidi ya 200,000, ambao matokeo yake ya mwisho yalitoka mwaka 2021, haukuonyesha kwamba kuwapima wanawake wasio na dalili kulipunguza vifo vya saratani hiyo. AFP nayo hupanda kwa ujauzito na kwa homa ya ini yenyewe, na uvimbe mdogo wa ini unaweza kuwapo huku AFP ikiwa ya kawaida.

Hesabu ndogo inatosha kueleza kwa nini. Tuchukue watu 1,000 wasio na dalili, ambao mmoja wao tu ana saratani fulani, na kipimo kinachokosea kwa watu 5 katika kila 100 wenye afya. Kipimo kitamwonyesha yule mmoja, tuseme, na pamoja naye kitawaonyesha watu wapatao 50 wasio na kitu. Mwenye maabara amefanya kazi yake sawasawa, kifaa hakina hitilafu, na bado watu 50 wanarudi nyumbani wakiamini wanakufa. Wengine watauza ng'ombe kulipia nauli ya Kampala na vipimo vya picha.

Jambo lililonikera kuliko yote ni lile lisilokuwamo. Saratani inayoongoza kwa wanawake wa Uganda ni ya shingo ya kizazi, na hiyo haionekani katika kipimo chochote cha kifurushi hiki. Huchunguzwa kwa kuitazama shingo ya kizazi baada ya kuipaka siki maalumu, au kwa kuchukua sampuli ya pale pale na kutafuta vinasaba vya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo. Kingamwili za HPV katika damu hazitumiki kwa uchunguzi huo. Shangazi alipewa karatasi yenye maneno yanayofanana na kusema kwamba hana saratani, na kama nisingemsihi asingekwenda tena kuchunguzwa popote. Karatasi inayompa mwanamke utulivu wa uongo kuhusu ugonjwa ulio karibu naye kuliko magonjwa mengine yote ni karatasi yenye madhara, na ninaiomba maabara iondoe neno saratani kwenye bango lake hadi itakapoweza kumweleza kila mteja maana yake.

Kingamwili zina kazi kubwa na ya kweli katika saratani, isipokuwa kazi hiyo hufanyika mahali pengine. Nyama ya uvimbe ikishakatwa na kuwekwa chini ya darubini, kingamwili maalumu hupakwa juu ya kipande chembamba na kuonyesha seli hizo ni za aina gani. Kwa saratani ya matiti, hilo huamua kama mgonjwa apewe dawa za kuzuia homoni au dawa zinazolenga protini ya HER2, ambazo nyingi zake zenyewe ni kingamwili. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa pale Mulago mwaka 1967, ndiko mgonjwa wa huku hufikishwa kwa huduma za aina hiyo. Aliye na uvimbe unaokua, damu isiyo ya kawaida au uzito unaopungua bila sababu asianzie kwenye kifurushi. Aanzie kwa daktari wa hospitali ya rufaa ya mkoa, naye ataamua ni kipimo gani.

Nina madai mawili kwa upande wa huduma. Majibu yatolewe ndani ya chumba, mlango ukiwa umefungwa, hata kama foleni ni ndefu. Na karatasi ya majibu, ambayo kwetu ilikuwa ya Kiingereza kitupu chenye vifupisho, iwe na namba pamoja na kiwango cha kawaida kando yake, na sentensi chache za Kiswahili au Kilugbara zinazoeleza hatua inayofuata. Tuliomba namba ya PSA mara mbili kabla ya kupewa. Mwanzoni karatasi iliandika "juu" na kunyamaza.

Anayetaka kutumia huduma hii aombe vipimo vya virusi peke yake. Maabara tuliyokwenda hukubali kuvitenganisha ukiuliza, ingawa bango halisemi hivyo, na gharama hushuka sana. Kipimo cha VVU akifanye kituo cha umma ambako ni bure na ushauri hutolewa. Maabara haichanji, kwa hiyo mtu ambaye karatasi yake inaonyesha kwamba hana kirusi cha homa ya ini B wala kinga dhidi yake aichukue siku hiyohiyo na kwenda nayo kituo cha afya kuuliza siku za chanjo ya watu wazima, akijua kwamba dozi ni tatu: ya kwanza siku hiyo, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza.